Msomaji, Mhariri na Nakala ya Akiba: Historia ya Kasi ya Wikipedia na Nafasi ya Toleo la Kiswahili, 2001–2024

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia namna Wikipedia ilivyokabiliana na kupungua kwa kasi ya tovuti kila ilipokua. Hoja kuu ni kwamba kasi haikuletwa na ongezeko la mashine pekee. Ililetwa na mfululizo wa maamuzi kuhusu kazi ipi ifanywe papo hapo, ipi iahirishwe na ipi iachwe kabisa. Maamuzi hayo yalimnufaisha kwanza msomaji asiyejitambulisha wa kurasa zinazosomwa na wengi. Mhariri alibaki nyuma kwa takriban miaka kumi, na msomaji wa lugha yenye wasomaji wachache alipata sehemu ndogo ya faida. Toleo la Kiswahili, lililoanzishwa mwaka 2003, linatumika kupima hoja hiyo.

Utangulizi

Taasisi nyingi za Afrika Mashariki, vikiwamo vyuo vikuu, wizara, magazeti na mabaraza ya lugha, huendesha tovuti zao kwa programu za kusimamia maudhui. Ukurasa katika tovuti ya aina hii haukai tayari ukimsubiri msomaji. Huundwa pale unapoombwa: programu huisaka matini katika hifadhidata, huiunganisha na menyu, picha na vigezo, kisha huupeleka ukurasa mzima kwenye kivinjari. Kwa tovuti yenye kurasa mia mbili na wageni wachache, kazi hiyo haihisiki. Kurasa zikifika laki mbili, na wageni wakaja kwa maelfu katika dakika moja, kazi ileile huwa mzigo unaoweza kuangusha mashine.

Suala hili huachiwa mafundi, na katika mijadala ya sera za lugha halitajwi kabisa. Fedha hutengwa kwa ajili ya istilahi, kamusi na makongamano. Tovuti itakayobeba matunda ya kazi hiyo huchukuliwa kuwa chombo tu, kama rafu ya maktaba. Wikipedia ni mfano unaofaa kuupima mtazamo huo, kwa kuwa waendeshaji wake wa miaka ya mwanzo walikuwa watu wa kujitolea waliojadiliana hadharani, wakaweka wazi msimbo wa programu yao, kumbukumbu za hitilafu na hata michoro ya mashine zao. Ni nadra kwa asasi kubwa ya mtandaoni kumwachia mwanahistoria ushahidi wa kiwango hicho.

Faili, hifadhidata na mwaka uliopotea

Wikipedia ilifunguliwa tarehe 15 Januari 2001 kwa programu ya UseModWiki, iliyoandikwa na Clifford Adams kwa lugha ya Perl. Programu hiyo haikuwa na hifadhidata. Kila ukurasa ulikuwa faili. Kwa jumuiya ndogo mpango huo ulitosha, tena ulikuwa mwepesi kuusimamia. Hata hivyo, kutafuta neno kulimaanisha kufungua faili moja baada ya nyingine, na matoleo ya zamani ya kila ukurasa yalifutwa baada ya muda ili kuokoa nafasi.

Uamuzi huo wa kufuta ulikuwa wa kiufundi, lakini gharama yake ikawa ya kihistoria. Sehemu kubwa ya kumbukumbu za mwaka wa kwanza wa mradi ilidhaniwa kuwa imepotea. Mnamo Desemba 2010, Tim Starling, mmoja wa waandishi wakuu wa programu ya Wikipedia, alifungua faili la zamani lililokuwa limesahauliwa na kukuta humo nakala tatu kamili za matini ya tovuti, za Februari, Machi na Agosti 2001. Yaani siku za mwanzo za kamusi elezo kubwa kuliko zote zilinusurika kwa bahati. Jambo hili linastahili kukumbukwa na kila taasisi inayosafisha tovuti yake ili iende kasi: kinachoonekana leo kuwa mzigo kwenye diski ndicho mtafiti wa kesho atakachokitafuta.

Januari 2002 toleo la Kiingereza, likiwa na takriban kurasa 20,000, lilihamia kwenye programu mpya ya Magnus Manske, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo kikuu nchini Ujerumani. Programu hiyo iliandikwa kwa PHP na kuweka matini yote katika hifadhidata ya MySQL. Mengi yaliyokuwa magumu yakawa mepesi: orodha ya mabadiliko ya karibuni, kurasa zinazohitajika zaidi, kurasa zisizo na viungo. Lakini kila orodha ilikuwa swali kwa hifadhidata, na kila mgeni aliweza kuuliza. Haikuchukua muda kabla urahisi huo haujaanza kuilemea tovuti. Miezi sita baadaye, Julai 2002, Lee Daniel Crocker aliandika programu upya, kwa sehemu kubwa kwa ajili ya kasi. Programu hiyo ndiyo iliyokuja kuitwa MediaWiki mwaka uliofuata.

Mwaka 2003 ulikuwa wa dhiki. Toleo la Kiingereza lilikuwa limevuka kurasa 100,000, na mradi mzima ulitegemea mashine zisizozidi vidole vya mkono. Waendeshaji walianza kuzima huduma moja moja. Utafutaji wa maneno ndani ya matini ulisimamishwa mara kwa mara katika saa za msongamano, na wasomaji wakaelekezwa kwenye injini za utafutaji za nje. Hesabu ya mara ngapi ukurasa umesomwa iliondolewa, kwa sababu kuihifadhi kulimaanisha kuandika katika hifadhidata kila mtu aliposoma. Kazi ya kusoma ikageuka kazi ya kuandika. Orodha nzito ziliacha kuundwa papo hapo, zikawa zinatayarishwa kwa vipindi. Katika msimbo wa MediaWiki mpangilio huu ulipewa jina lenye maana ya hali ya ubahili, na jina hilo limebaki hadi leo.

Toleo la Kiswahili lilianzishwa Machi 2003, katikati ya dhiki hiyo. Lilizaliwa katika nyumba ambayo tayari ilikuwa imeshaanza kupima chakula. Kwa upande mwingine, kila maarifa yaliyotokana na msongamano wa Kiingereza yalilifikia bila malipo, kwa kuwa matoleo yote yalitumia programu moja na, kwa sehemu kubwa, mashine zilezile. Desemba mwaka huohuo seva ziliharibika mfululizo, na wito wa michango kwa wasomaji ukafanikisha ununuzi wa mashine mpya mwanzoni mwa 2004.

Nakala ya akiba

Mashine hizo mpya pekee zisingetosha. Badiliko lililoiokoa tovuti lilikuwa la mpangilio. Mapema mwaka 2004 ziliwekwa seva za akiba zilizotumia programu huria ya Squid, mbele ya seva zinazoendesha MediaWiki. Msomaji wa kwanza akiomba ukurasa, ukurasa huundwa kama kawaida, kisha nakala yake iliyokamilika hubaki kwenye seva ya akiba. Msomaji wa pili, wa mia na wa elfu hupewa nakala hiyohiyo, bila hifadhidata kuguswa wala PHP kuendeshwa.

Wazo la kuweka nakala halikuwa geni. Ugumu ulikuwa katika upya wa habari. Gazeti la mtandaoni laweza kuvumilia nakala iliyopitwa kwa dakika tano. Mtu anayehariri Wikipedia hawezi kuvumilia kuona sahihisho lake halionekani. Kwa hiyo MediaWiki ilifundishwa kutuma ujumbe wa kufuta: mara tu ukurasa unapohifadhiwa, seva zote za akiba huarifiwa kwamba nakala walizo nazo si halali tena. Kwa mpango huo zaidi ya robo tatu ya maombi yote yalijibiwa na seva za akiba. Mwishoni mwa 2004 baadhi yake ziliwekwa Paris, na mwaka 2005 Amsterdam na Seoul. Seva kuu zilibaki Florida.

Hapa ndipo mgawanyiko ulipoanza. Nakala ya akiba hufaa pale tu wasomaji wote wanapoona ukurasa uleule. Mtu aliyeingia kwa jina lake haoni ukurasa uleule. Kwake huonekana jina lake, ujumbe aliotumiwa, lugha ya menyu aliyoichagua na orodha ya kurasa anazozifuatilia. Ombi lake, kwa hiyo, lilipitishwa moja kwa moja hadi seva kuu, huko likaundiwa ukurasa wake. Wahariri walikuwa sehemu ndogo ya watumiaji wote, na kwa mhandisi mwenye mashine chache uamuzi wa kuanza na wengi ulikuwa wa busara. Walakini wao ndio waliokuwa wakiijenga kamusi. Tovuti iliyokuwa nyepesi kwa anayesoma ikawa nzito kwa anayeandika.

Ikumbukwe pia kwamba nakala hizi hazikuwa hifadhi ya usalama, ingawa majina yanafanana. Februari 2005 umeme ulikatika katika kituo cha Florida, na karibu hifadhidata zote zikaharibika kwa sababu diski zilikuwa zimetoa taarifa kwamba data imeandikwa ilhali ilikuwa bado njiani. Ilichukua zaidi ya siku moja kurejesha huduma kamili. Maelfu ya kurasa zilizokuwa kwenye seva za akiba hazikuweza kusaidia kuirudisha hifadhidata. Zilikuwa kivuli cha kitu, si kitu chenyewe.

Kuahirisha na kuweka mipaka

Baada ya 2004 maswali yalibadilika. Awali tatizo lilikuwa wingi wa wasomaji. Sasa likawa umbo la maudhui yenyewe. Hadi mwaka 2005 MediaWiki iliweka matini ya sasa katika jedwali moja na matini za zamani katika jedwali jingine. Kubadili jina la ukurasa wenye historia ya marekebisho elfu kadhaa kulilazimu kubadili safu elfu kadhaa. Toleo la 1.5 la programu liligawa upya majedwali: moja la kurasa, moja la marekebisho, moja la matini. Jina likawa limeandikwa mahali pamoja tu. Matini za zamani nazo zilibanwa kwa pamoja na kuhamishiwa kwenye hifadhi ya pembeni, kwa kuwa marekebisho mawili yanayofuatana hutofautiana kwa maneno machache na hivyo hubanika sana. Hili lilikuwa jibu bora kuliko lile la 2001: historia haikufutwa, ilikunjwa tu.

Vigezo vilileta tatizo la aina nyingine. Kigezo ni kipande cha matini kinachoandikwa mara moja na kutumika katika kurasa nyingi: sanduku la habari la nchi, onyo la ukurasa mfupi, namna ya kutaja chanzo. Kigezo kikitumika katika kurasa laki moja, badiliko dogo ndani yake hubatilisha nakala laki moja. Kuzifuta zote papo hapo kungemfanya mhariri asubiri dakika nyingi na kuwashushia wengine mzigo mkubwa. Mwaka 2006 ilianzishwa foleni ya kazi: badiliko huhifadhiwa mara moja, na athari zake hufuata polepole nyuma ya pazia. Ndiyo maana hadi leo kigezo kinaweza kusahihishwa asubuhi na baadhi ya kurasa zikaendelea kuonyesha kosa kwa muda.

Watumiaji, kwa kawaida yao, walikwenda mbali kuliko walivyotarajiwa. Waligundua hila za kukifanya kigezo kichague baina ya mambo mawili, na hila hizo zilikuwa ghali kwa mashine. Mwaka huohuo wa 2006 waandishi wa programu waliamua kuhalalisha uchaguzi wa namna hiyo kwa njia nafuu. Unafuu ukaalika matumizi zaidi. Katika miaka michache vigezo vikawa programu nzima zilizoandikwa kwa lugha ambayo haikubuniwa kuwa lugha ya programu. Ikabidi kuwekwa mipaka: jumla ya matini inayotokana na vigezo katika ukurasa mmoja isizidi megabaiti mbili. Kupita hapo, vigezo vinavyobaki havifunguliwi.

Mpaka mwingine ulitokana na tukio dogo. Januari 2008 mkabidhi mmoja wa Wikipedia ya Kiingereza alifuta ukurasa wa mazoezi, ule ambao wageni hualikwa kujaribu kuandika chochote. Ukurasa huo usio na thamani yoyote ya kielimu ulikuwa na historia ndefu kuliko karibu kurasa zote, kwa sababu kila mgeni alikuwa ameugusa. Kuufuta kulilazimu kuhamisha marekebisho yote hayo kwa pamoja; hifadhidata ikajifunga na tovuti ikakwama. Baadaye wakabidhi wa kawaida walizuiwa kufuta ukurasa wenye marekebisho zaidi ya 5,000. Kilichokuwa haki ya kiutawala kikapunguzwa na uwezo wa mashine, na hakuna aliyepinga.

Wiki nne za mwaka 2009

Tarehe 25 Juni 2009 alifariki Michael Jackson. Karibu wageni milioni moja walifungua ukurasa wake wa Kiingereza katika muda wa saa moja. Kwa hesabu ya nakala za akiba, mzigo huo ulipaswa kuwa mwepesi kuliko yote: ukurasa mmoja, nakala moja, wasomaji milioni. Lakini wahariri nao walikuwa wakiubadilisha kila mara, na kila badiliko lilifuta nakala. Ukurasa ulikuwa mrefu, wenye rejea nyingi zilizoandikwa kwa vigezo, na kuuunda upya kulichukua sekunde nyingi. Ndani ya sekunde hizo mamia ya maombi yalifika, kila moja likakuta nakala haipo, na kila moja likaanza kuunda ukurasa uleule kivyake. Seva zote zikawa zinafanya kazi moja kwa mamia ya mikono, na kurasa nyingine zote zikakosa wa kuzihudumia.

Tiba yake iliitwa PoolCounter, na msingi wake ni adabu ya foleni. Ombi la kwanza hupewa ruhusa ya kuunda ukurasa. Yanayofuata husubiri matokeo yake. Na foleni ikizidi kipimo, wanaobaki hupewa nakala ya zamani kidogo badala ya kusubiri bila mwisho. Kwa mara ya kwanza tovuti ilikubali kumpa msomaji kitu kilichopitwa na wakati kwa makusudi. Miaka mitano kabla ya hapo, mfumo mzima wa kufuta nakala ulikuwa umejengwa ili jambo hilo lisitokee.

Wiki nne baadaye, tarehe 23 Julai 2009, mkonga wa baharini wa SEACOM ulizinduliwa ukigusa Mombasa na Dar es Salaam. Mwaka huohuo mkonga wa TEAMS uliunganisha Mombasa na Fujairah, na EASSy ukafuata mwaka 2010. Kabla ya hapo mawasiliano mengi ya eneo hili na ulimwengu yalipitia setilaiti zilizo umbali wa takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta. Safari ya kwenda huko na kurudi, pamoja na jibu lake, huchukua karibu nusu sekunde, na ukurasa mmoja huhitaji safari kadhaa. Mhandisi wa Florida angeweza kupunguza muda wa kuunda ukurasa hadi sehemu ya kumi ya sekunde, na msomaji wa Morogoro asitambue tofauti.

Mkonga ulibadilisha hesabu hiyo. Mwishoni mwa 2009 Google iliandaa mashindano ya kuandika makala za Wikipedia ya Kiswahili miongoni mwa wanafunzi wa vyuo vikuu vya Kenya na Tanzania. Mashindano hayo hujadiliwa kwa kawaida kwa kigezo cha ubora na udumifu wa makala zilizopatikana. Ni vyema pia kuyaona kama mojawapo ya nyakati za kwanza ambapo waandishi wengi wa Kiswahili walio Afrika Mashariki waliiandika tovuti hii kwa pamoja. Wote walikuwa katika lile kundi ambalo nakala ya akiba haikulihudumia. Kila mwanafunzi aliyeingia kwa jina lake na kubonyeza kitufe cha kuhifadhi alituma ombi lililovuka bahari hadi Marekani, likasubiri ukurasa uundwe, kisha likarudi.

Msomaji wa Kiswahili ambaye hakujitambulisha naye hakuwa na nafuu ya kiwango cha mwenzake wa Kiingereza. Nakala ya akiba hudumu kwa muda maalumu, kisha hutupwa. Na seva ikijaa, kisichoombwa sana hutolewa kwanza. Ukurasa wa Kiingereza kuhusu Mlima Kilimanjaro huombwa mara nyingi kiasi kwamba nakala yake iko tayari karibu wakati wote. Ukurasa wa Kiswahili kuhusu kata moja ya Wilaya ya Rufiji huenda ukaombwa mara chache kwa mwezi. Kila anayeuomba ana uwezekano mkubwa wa kuwa msomaji wa kwanza, yaani yule anayelipa gharama ya kuundwa kwake. Hakuna aliyekusudia ubaguzi hapa. Mfumo unaomlipa msomaji kwa kufuata njia ambayo wengine wameshaipita hauna la kumpa anayepita pasipo na njia.

Mhariri arudishwa katika hesabu

Marekebisho makubwa yaliyomlenga mhariri yalikuja kati ya 2013 na 2014. Mwaka 2013 Wikipedia ya Kiingereza ilianza kutumia Lua, lugha ndogo ya programu iliyobuniwa Brazil mwaka 1993, kuandika vigezo vizito. Vigezo vya kutaja vyanzo, ambavyo vilikuwa chanzo kikuu cha ukokotaji, vikawa vyepesi mara nyingi zaidi. Mwaka huohuo viungo vya lugha, vilivyokuwa vimeandikwa ndani ya kila ukurasa wa kila toleo, vilihamishiwa Wikidata, ambapo huandikwa mara moja kwa lugha zote. Kwa toleo dogo kama la Kiswahili hii ilikuwa nafuu isiyo na kelele: mabadiliko mengi ya roboti yaliyokuwa yakijaza orodha za marekebisho kwa ajili ya viungo hivyo yakaisha.

Hata hivyo Lua ilileta utegemezi. Matoleo madogo hunakili vigezo na moduli kutoka toleo la Kiingereza, na moduli hizo huandikwa na watu wachache wenye ujuzi wa programu. Jumuiya inayoweza kurekebisha kigezo cha zamani kwa kusoma alama zake huenda isiweze kurekebisha moduli ya mistari mia nane. Kasi ilipatikana, uwezo wa kujitegemea ukapungua kidogo. Wapangaji wa mifumo ya Kiswahili ambao hununua programu tayari wanaifahamu biashara hiyo.

Desemba 2014 seva za Wikipedia zilikuwa zimehamia HHVM, kiendeshaji cha PHP kilichotengenezwa na Facebook. Matokeo yaliyotangazwa yalikuwa makubwa: wastani wa muda wa kuhifadhi ukurasa ulishuka kutoka takriban sekunde 6 hadi 3, na matumizi ya vichakato vya seva kutoka karibu asilimia 50 hadi 10. Kwa watumiaji walioingia kwa majina yao, muda wa kupata ukurasa ulishuka kutoka takriban sekunde 1.3 hadi 0.9. Takwimu hizo zinasema jambo jingine pia. Kwa muda wote uliotangulia, huku msomaji akijibiwa kwa sehemu ndogo ya sekunde, mtu aliyejitolea kuandika alikuwa akisubiri sekunde sita kila alipohifadhi. Uhamisho huo haukudumu: Facebook ilipoacha kufuata ulinganifu na PHP, Wikipedia ilirudi kwenye PHP ya kawaida, toleo la 7, mwaka 2019.

Umbali uliobaki

Juni 2015 Wikimedia ilitangaza kwamba mawasiliano yote ya tovuti zake yatasimbwa. Uamuzi huo ulimlinda msomaji dhidi ya kuchunguzwa anachosoma, na kwa nchi nyingi ulinzi huo si jambo dogo. Ulikuwa na athari moja isiyozungumzwa sana. Vyuo vikuu vingi vya Afrika vilikuwa vikitumia seva za akiba za ndani, mara nyingi Squid ileile, ili ukurasa uliokwisha kuletwa kwa mtandao ghali usiletwe tena. Mawasiliano yaliyosimbwa hayawezi kunakiliwa na mtu wa kati, awe mpelelezi au mkutubi. Seva ya chuo ikakosa kazi kwa kurasa hizo, na kila mwanafunzi akawa anauleta ukurasa upya kutoka ng'ambo.

Aina nyingine ya nakala ilikuwa imeshaanza kuziba pengo. Tangu 2007 programu ya Kiwix inawezesha toleo zima la Wikipedia kuwekwa katika faili moja na kusomwa bila intaneti, na toleo la Kiswahili ni dogo kiasi cha kuenea kwenye simu. Udogo uleule unaolinyima toleo hili nafasi katika seva za akiba ndio unaolifanya lisafirike kwa urahisi. Ila nakala ya Kiwix husomwa tu. Shule inayoitumia humpa mwanafunzi kamusi elezo, lakini haimpi kitufe cha kuhariri.

Vituo vya akiba viliendelea kuongezwa: Singapore mwaka 2018, Marseille mwaka 2022, São Paulo mwaka 2024. Marseille ni bandari ya mikonga mingi inayotoka Afrika na Mashariki ya Kati, na kwa hiyo ni hatua ya kuelekea upande huu. Barani Afrika kwenyewe hakuna kituo. Tangu Septemba 2022 maombi ya kusoma ya watumiaji walioingia kwa majina yao hujibiwa na vituo vikuu viwili, Virginia na Texas. Kuandika hufanywa katika kimoja tu kwa wakati, kwa sababu hifadhidata mbili zinazopokea maandishi kwa pamoja zinaweza kupingana. Kutoka Dar es Salaam hadi Virginia ni zaidi ya kilomita 12,000. Mwanga ndani ya mkonga husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo hata kama mkonga ungenyooka kama rula, kwenda na kurudi mara moja hakuwezi kupungua sehemu moja na robo ya kumi ya sekunde. Mkonga haunyooki, na kuhifadhi ukurasa si safari moja.

Mara mbili kwa mwaka, Machi na Septemba, zamu ya kupokea maandishi huhamishwa kutoka kituo kimoja hadi kingine, ili kuhakikisha kwamba hamisho la dharura litawezekana. Wakati wa zoezi la kwanza, Aprili 2016, uhariri ulisimama kwa zaidi ya dakika arobaini. Siku hizi husimama kwa dakika chache, na tangazo hutolewa mapema kwa lugha nyingi. Msomaji hatambui kitu, kwa kuwa nakala zake ziko mahali pake. Mhariri, awe wa Zanzibar au wa Toronto, huambiwa asubiri kidogo kisha ajaribu tena.